Mwanangu, kuhusu sahani yangu

Mwanangu,

Umeniuliza kama nipikiwe changu peke yangu harusini kwako Nakuru, kwa sababu ya huu mfuko uliobandikwa tumboni kupokea choo changu. Mimi nakumbuka posa ya binti ya shangazi yako kule Kisumu.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka hospitali. Nilifika nimevaa leso mpya, nikapelekwa nyuma ya hema, karibu na masufuria, nikapewa uji mwepesi kwa kikombe cha plastiki. Kuku wakapita mbele yangu sinia kwa sinia, na wengine walitoka bandani kwangu! Shangazi yako akaniinamia sikioni: "Wifi, hapa utakuwa huru." Huru na nini?

Pengine aliogopa harufu. Au alinihurumia, maana mfuko ukiingia hewa huweza kutoa mlio hata katikati ya dua. Sawa. Lakini mtu huulizwa, mwanangu. Marehemu baba yako alichoka kunisikia nikisema hivyo: mtu huulizwa, hata akiwa mgonjwa.

Ule uji wenyewe uliujaza mfuko upesi upesi. Utumbo mpana ndio uliokuwa ukifyonza maji na chumvi; sasa chakula hakiufikii, kinatokea kwenye tundu la tumboni kikiwa rojorojo. Ugali, wali na ndizi za kupika ndivyo vinavyokifanya kiwe kizito. Kuku nakula, ila natafuna mpaka taya zinauma. Mahindi ya kuchemsha, njugu na uyoga nimeviacha, vinaweza kuziba utumbo. Hata muwa, mimi mtu wa Mumias, nautazama tu.

Na wasichana wa kuandaa wasinijazie maji matupu kila nikigeuka. Yakizidi, yanapita na chumvi yangu, nabaki na kizunguzungu na mkojo wa rangi ya chai. Nitakuja na ORS yangu, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, nimeikoroga kama pakiti inavyosema. Choo kiwe karibu, kwa kuwa mfuko namwaga ukifika thuluthi, singoji uwe mzito uanze kubanduka.

Kwa hiyo usipike cha pembeni. Au pika wali wa ziada, hauna hasara, lakini uwe kwenye sinia la wote.

Shangazi yako mwalike. Mweke meza moja nami. Kama siku ile alinistiri au alinitenga, jibu ninalo, ila silitoi mpaka harusi yako ipite.

Mama