Maswali ya Wasomaji: Vumbi Juu ya Ndege Ndogo za Chuma

SWALI: Ninakusanya ndege ndogo za mfano za chuma, za uwiano wa 1:400, ambazo nimezipanga kwenye rafu iliyo wazi karibu na dirisha. Tangu mvua zilipokatika, vumbi jekundu hutanda juu ya mabawa hata kabla ya wiki kuisha. Je, ni salama kuzifuta kwa kitambaa kibichi? Na antena iliyokatika wakati wa kufuta inaweza kubandikwa kwa supaglu?
Msomaji, Ipagala, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, kitambaa kiache kabisa, kiwe kibichi au kikavu. Vumbi la Dodoma limechanganyika na chembe za mchanga kutoka miamba ya itale inayouzunguka mji, na chembe hizo ni ngumu kuliko kioo, kwa hiyo anayezisugua juu ya rangi anaipiga rangi hiyo msasa. Maji nayo hugeuza vumbi kuwa tope, ambalo huingia kwenye midomo ya injini na mikunjo ya magurudumu, na likishakauka humo kulitoa ni kazi.

Anza kwa kulipeperusha kwa kipulizio cha mpira, kile ambacho wapiga picha husafishia lenzi. Usipulize kwa mdomo, maana mate huruka. Hewa ya kopo pia siishauri, kwa kuwa kopo likiinamishwa hutoa kimiminika chenye baridi kali kinachoweza kuharibu rangi.

Vumbi litakalobaki liondoe kwa brashi laini ya poda, iliyo mpya, kwa sababu iliyokwisha kutumika usoni ina mafuta. Ishike ndege tumboni, kamwe si kwenye bawa, kisha uipitishe brashi kutoka puani kuelekea mkiani. Mwelekeo huo una sababu: antena nyingi zimelala kuelekea nyuma, hivyo nywele za brashi huteleza juu yake, lakini ukirudi kinyume huzinasa na kuzing'oa. Kumbuka kwamba Boeing 787-8, yenye urefu wa karibu mita 57, kwa uwiano huo hubaki na sentimita 14 tu. Antena yake ni kitu cha kutafutwa kwa miwani.

Alama za vidole zifute taratibu kwa kijiti cha pamba chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, baada ya vumbi lote kutoka. Spiriti, petroli na dawa ya kuondoa rangi ya kucha zisikaribie hapo, kwani huyeyusha chapa. Twiga wa Air Tanzania aliye mkiani anaweza kutoweka kwa mfuto mmoja.

Kuhusu antena, supaglu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye rangi inayong'aa. Tumia gundi nyeupe ya mbao, tone dogo kwenye ncha ya kijiti cha meno. Ikikauka haionekani, na ikizidi huondolewa kwa maji ingali mbichi.

Hata hivyo, kwa rafu iliyo wazi utafanya kazi hii kiangazi chote, na kila usafishaji ni nafasi nyingine ya kuvunja kitu. Fundi wa alumini na vioo anaweza kukutengenezea kabati dogo. Mwambie aweke mpira kwenye kingo za mlango, na ulisimamishe mbali na dirisha, kwa kuwa jua nalo hufifisha rangi.