Kizunguzungu: tunakiona, tunakisikia au tunakihisi?

SWALI: Natafsiri maelekezo ya miwani ya uhalisia mseto, ile inayomwonyesha mvaaji chumba alichomo kwa kupitia kamera. Niliandika "Ukiona kizunguzungu, vua miwani." Mhariri amekata "ukiona", anasema kizunguzungu hakionekani. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kisarufi, uko sahihi wewe. Kitenzi "ona" hakijafungwa machoni. Tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona haya, tunaona uchungu, na hakuna hata kimoja kinachotazamika. "Sikia" nacho kimevuka sikio, ndiyo maana tunasikia harufu na kusikia usingizi. Anayefuta "naona kizunguzungu" anafuta Kiswahili safi, na hilo linaniuma.

Hata hivyo, katika maelekezo haya nami ningeliondoa neno hilo, ila kwa sababu nyingine. Mvaaji wa miwani hiyo haoni chumba chenyewe, anaona picha yake. Kamera zinanasa, kompyuta inachakata, kisha skrini ndogo zilizo karibu na macho zinaonyesha. Safari hiyo ina muda wake, hata ukiwa mfupi: Apple inasema chipu ya R1 ndani ya Vision Pro, miwani yake ya aina hii, hufikisha picha kwa milisekunde 12. Ukigeuza kichwa na picha ikachelewa, sikio la ndani, linalopima mwendo wa kichwa, linasema umegeuka. Macho yanasema bado. Kutopatana huko ndiko kunakoleta kizunguzungu. Tena kamera hazikai pale pale macho yalipo, hivyo mkono unaweza kupapasa kando ya kikombe.

Basi msomaji wako ana mambo mawili ya kuangalia: picha iliyo mbele yake, na mwili wake. "Ona" uiachie picha. Mimi ningeandika: "Ukiona picha inachelewa au inatikisika, simama ulipo. Ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu, vua miwani." "Ukisikia" pia ningeliepuka hapa, kwa kuwa miwani hiyo ina spika, na msomaji mwenye haraka atangoja mlio.

Usiviunganishe vile viwili kuwa "ukijisikia vibaya". Kizunguzungu, chenye mzizi mmoja na "zunguka", ni cha kichwa. Kichefuchefu ni cha tumbo. Mtu anaweza kupatwa na kimoja bila kingine, na anayeanza kuyumba akiwa amesimama karibu na ngazi anahitaji kukijua kwa jina lake mapema.