Sista mwenyewe hajachoma buster, mi nichome ya nini?

Haya, maswali ya chanjo yamejaa. Nilidhani mtaniuliza habari za homa za watoto baada ya sindano kama kawaida yenu, kumbe safari hii mnatuuliza sisi wenyewe wauguzi na madokta, kwamba mbona buster, yaani ile chanjo ya nyongeza, tunawahimiza nyie alafu sisi tunazikwepa. Mmetukamata. Majina nimeyaacha, najibu moja moja.

Nina miaka 58 na kisukari. JJ, ile ya korona ya Johnson & Johnson, nilichoma 2021. Juzi nimeenda kuulizia buster, sista ananambia "mama, hata mi sijachoma." Sasa nimsikilize nani? (Mama, Morogoro)

Mama shikamoo. Kwanza nikwambie ukweli wangu, mi nafanya kazi ya chanjo na ile ya nyongeza nilikaa nayo miezi karibu saba ndo nikachoma, kwa hiyo huyo sista namwelewa vizuri sana ila jibu alilokupa sio.

Kumbuka JJ ilivyoingia. Julai 2021 zikaja dozi zaidi ya milioni 1, mama Samia akachanjwa hadharani tarehe 28, na wa kwanza kwenye foleni tukawekwa sisi wa afya, wenye miaka 50 kupanda na wenye magonjwa sugu. Na neno lililotubeba lilikuwa moja tu, kwamba hii ni sindano moja, ukichoma umemaliza. Mi mwenyewe nimelisema hilo neno mara ngapi sijui, nimesimama chini ya mwembe nawaambia watu moja tu basi mnaenda nyumbani. Na kwa wakati ule ndivyo ilivyokuwa kweli. Alafu Desemba 2021 WHO, Shirika la Afya Duniani, wanatoka wanasema kwa JJ dozi ya pili inaongeza kinga vizuri. Sasa we fikiria mimi narudi kwa mtu yuleyule chini ya mwembe uleule namwambia eti ile moja haikutosha, anakuangalia tu. Na sie wahudumu tulijiangalia hivyo hivyo. Tena miezi michache kabla ya hapo, Agosti, ni WHO haohao kupitia mkuu wao Dokta Tedros waliziomba nchi tajiri zisitishe buster kwanza maana kuna nchi hata dozi ya kwanza hazijapata. Hoja yao ilikuwa ya ugawaji wa haki, lakini kwenye korido za hospitali ilifika kama "hata wakubwa wanasema buster haina maana". Hakuna aliyekuja kutukalisha chini akatueleza, semina zilikuwa za jinsi ya kujaza fomu.

Weka na homa. JJ ilinilaza siku nzima mwili unauma kama nimelima heka, kesho yake nina shifti ya usiku na hakuna wa kunishikia, nikaenda nimejitanda kanga mbili. Mtu akikumbuka hiyo siku na wodini mko wawili kwa wagonjwa arobaini, anasema buster nitachoma nikiwa likizo, na likizo yenyewe haiji. Ndo maana nasema huyo sista huenda hapingi chanjo, amechoka tu na hakuelezwa. Kosa lake ni kukupa uchovu wake badala ya kukupa jibu.

Jibu lako hili hapa. Afrika Kusini waliwachanja JJ wahudumu wa afya karibu nusu milioni kuanzia Februari 2021, utafiti unaitwa Sisonke, na mwisho wa mwaka uleule wakawaongeza ya pili, Omikroni, ile korona ya aina mpya, nayo ndo inaingia. Walivyohesabu, waliochoma ya pili walikingwa na kulazwa kwa kama asilimia 85 ndani ya mwezi hadi miezi miwili ukilinganisha na ambao hawajachanjwa kabisa. Hao ni manesi na madokta wenzetu, sio panya wa maabara. We una kisukari na umri umesogea, uko kundi la wanaohitaji kuliko huyo sista kama yeye ni kijana mzima. Kituoni kama hakuna, ulizia hospitali ya wilaya, na siku ya kliniki ya sukari mwambie dokta tarehe uliyochoma ya mwisho.

Sista, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili. Hepataitisi B, ile homa ya ini, nimemaliza dozi tatu. Kuna anayesema kila miaka mitano lazima buster, mwingine anasema hapana. Tumegombana mpaka basi.

Hapa nafurahi maana ndo chanjo inayotuhusu kuliko zote na ndo tunayoizembea. Ukijichoma na sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa HIV uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000. Kwa hepataitisi B kama hujachanjwa na mgonjwa ana virusi vingi, inaweza kufika 30 kati ya 100. Rudia kusoma hapo. Halafu utakuta mtu akijichoma anakimbilia PEP, zile dawa za kuzuia HIV, analia, ukimuuliza kadi ya hepataitisi iko wapi anakwambia alichoma mbili ya tatu akasahau.

Sasa buster: mtu mzima mwenye afya aliyemaliza tatu (mwanzo, mwezi mmoja, miezi sita) hahitaji ya nne ya kila miaka mitano. Unachotakiwa ni kupima kinga mwezi mmoja hadi miwili baada ya ile ya tatu, ikisoma 10 au zaidi umekingika hapo, hata miaka ikipita kipimo kikashuka mwili unakumbuka. Ikiwa chini ya 10 unarudia mzunguko, alafu unapima tena. Wenye figo za kusafishwa au kinga dhaifu hao hesabu yao nyingine. Kwa hiyo aliyesema hapana kashinda, ila muulizeni kama yeye mwenyewe ameshapima.

Mtoto wangu kachanjwa surua ana miezi 9. Nesi kasema ile ya mwezi wa 18 ni buster tu, nikikosa si mbaya. Kweli?

Si kweli, na hapa nesi mwenzangu nampinga kabisa. Ile ya 18 wala sio buster. Ukichanja watoto 100 wakiwa na miezi 9 kama 15 hivi kinga haishiki, si kosa la mama wala la sindano, kinga aliyotoka nayo tumboni bado inaingiliana. Na kwa macho huwezi kujua nani hajashika. Ya pili inakuja kuwaokota hao. Mpeleke, hata kama miezi 18 imepita mpeleke.

Mi dereva wa lori, napita Tunduma mpaka Kasumbalesa naingia Kongo. Kadi yangu ya homa ya manjano ya 2012, wananiambia imekufa nichome upya. Hela yangu inaenda bure?

Kaka, haijafa. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano ni cha maisha, hata vile vya zamani vilivyoandikwa miaka kumi. Anayekwambia imekufa alifundishwa zamani na hakusoma tena. Mwoneshe kwa upole, usigombane na mtu aliyeshika mhuri.

Nasimamia kituo, watumishi 14. Nikitaja buster ya korona wananicheka. Niwalazimishe?

Ndugu mfawidhi, wenzetu wamejaribu. Ufaransa sheria ya kulazimisha wahudumu chanjo ya korona ilianza Septemba 2021, wakasimamishwa kazi kama watu 3,000 siku ya kwanza tu, ikaja kuondolewa Mei 2023. Uingereza walipanga ianze Aprili 2022 kwa wahudumu wa hospitali, Januari wakaghairi wenyewe waliposhtuka wodi zitabaki na nani. We una watu 14, ukimsimamisha mmoja nani anazalisha usiku?

Wale wanaokucheka, mama wajawazito wanawachoma pepopunda, mpaka tano maishani, na hakuna anayeuliza "tena?" Kwa sababu wameona kichanga cha pepopunda, au mwalimu wao alikiona. Korona ya sasa hawaioni. WHO wenyewe Machi 2023 walisema kijana mzima hana haja ya kuongeza kila mara, ila wahudumu wa mstari wa mbele, wazee, wajawazito na wenye magonjwa sugu wabaki kwenye orodha. Kwa hiyo usiwaite wote, anza na yule mwenye presha, na yule mjamzito. Na ukichoma mtu mpangie kesho yake off. Kwangu hiyo off ilifanya kazi kuliko mabango yote.

Kwani nyie mnalipwa shingapi kwa kila sindano?

Ndugu yangu, nauli ya bodaboda ya kampeni iliyopita bado naidai.