Fataki Haziko, Baruti Bei Juu: Maswali ya Wanaojishindilia Risasi

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, wanaoshindilia risasi zao wenyewe kwa shabaha na uwindaji, yaani wanaojaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa. Ili tuelewane: ganda ni lile la shaba linalobaki ukishafyatua, fataki, au praima, ni kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachogongwa na pini, kichwa ni kile kinachoruka. Baruti hupimwa kwa greini, na ratili moja ina greini 7,000.

SWALI: Ndugu Mhariri, duka la karibu nami limepata fataki za bastola, dola 80 kwa 1,000. Nilizoea kulipa chini ya nusu ya hapo. Ninunue au nisubiri? Napiga 9mm, kama risasi 300 kwa mwezi.

JIBU: Bei ya boksi itakutisha bure, piga hesabu ya risasi moja. Kwa bei hiyo fataki ni senti 8. Tuseme ratili ya baruti ni dola 45 na kipimo chako ni greini 5 (ni mfano wa hesabu tu, kipimo chako kinatoka kwenye kitabu cha mwongozo). Ratili itakupa risasi 1,400, yaani senti 3 na ushei kila moja. Kichwa weka senti 11. Ganda umeliokota. Jumla ni senti 22 hivi. Sasa tazama risasi za 9mm zilizo tayari zinauzwaje wiki hiyohiyo. Ukikuta tofauti ni senti 4, unaokoa dola 12 kwa mwezi kwa kazi ya jioni mbili tatu. Hapo sisi tungenunua zilizo tayari, tukaweka maganda.

Kwa bunduki ya kuwindia hesabu hugeuka. Kipimo cha greini 45 kinatoa risasi 155 tu kwa ratili, kwa hiyo baruti peke yake ni senti 29. Hata hivyo risasi nzuri ya uwindaji dukani huvuka dola moja kwa urahisi, hivyo mshindiliaji bado anabaki na chake. Kama una pesa ya kununulia kitu kimoja tu, iende huko.

Kuhusu kusubiri: fataki ndizo hutangulia kuadimika na ndizo huchelewa kurudi. Waundaji wakubwa Marekani ni wachache, CCI, Federal, Winchester na Remington, na fataki zilezile wanazouza rejareja ndizo wanazozihitaji kwenye risasi zao wenyewe. Watu wakianza kugombania risasi, kiwanda hujilisha kwanza. Wewe wa boksi la 1,000 uko mwisho wa foleni.

Nunua kwa kadiri ya matumizi. Risasi 300 kwa mwezi ni 3,600 kwa mwaka, kwa hiyo maboksi manne yanakutosha. Anayejaza stoo kwa bei ya mlanguzi huwa amefunga pesa ambayo angeinunulia vichwa. Tena kuna mpaka: kanuni ya NFPA 495, ya chama cha Marekani cha kuzuia moto, ambayo miji mingi inaifuata, inaruhusu nyumbani fataki 10,000 na ratili 20 za baruti katika mikebe yake ya asili. Baruti ikizidi hapo, hadi ratili 50, itake sanduku la mbao lenye kuta za unene wa inchi moja. Mji wako unaweza kuwa mkali zaidi, uliza idara ya zimamoto.

SWALI: Fataki ndogo za bastola hazipatikani, ila ndogo za bunduki zipo. Nimezilinganisha kwa macho, ni sawa kabisa. Nizitumie?

JIBU: Macho hayakudanganyi. Ndogo zote mbili zina kipenyo cha inchi 0.175 na zinaingia tundu lilelile. Tofauti iko kwenye unene wa kikombe na ukali wa moto. Ya bunduki ina kikombe kigumu zaidi, maana inahimili shinikizo kubwa. Kwenye bastola yenye springi iliyolegezwa, pini itagonga na risasi isilipuke. Utapata kialama kidogo kwenye fataki, basi. Ikilipuka, moto wake mkali unaweza kupandisha shinikizo. Baadhi ya vitabu vya mwongozo vina vipimo vya bastola vilivyojaribiwa kwa fataki za bunduki. Ukivipata, vifuate kama vilivyo, na ujaribu fataki kumi kwenye bastola yako kabla hujashindilia mia tano.

Kinyume chake usifanye. Fataki ya bastola kwenye risasi ya bunduki kama .223 hutobolewa na pini, na gesi ya moto inarudi nyuma, kwenye kufuli (kile chuma kinachofunga risasi ndani ya mtutu) na usoni mwako.

Na hizo kubwa ni habari nyingine kabisa. Kubwa za bunduki na kubwa za bastola zina kipenyo kimoja, inchi 0.210, lakini ya bunduki ni ndefu zaidi. Ukiisukuma kwenye ganda la bastola itabaki imechomoza kitakoni. Katika bastola yenye silinda itakwama isizunguke. Katika ile inayojipakia yenyewe inaweza kulipuka kufuli linapojifunga, kabla hujagusa kifyatulio.

Ukibadilisha hata chapa tu, punguza kipimo hadi kile cha kuanzia kitabuni kisha panda polepole. Federal husifika kwa ulaini, CCI kwa ugumu. Mwenye bastola yenye springi laini ataijua tofauti siku ya kwanza.

Wanunuzi wa maganda ya .45 ACP, risasi ya bastola, nao waangalie: mengi yana tundu la fataki kubwa, ila siku hizi yapo yenye tundu dogo. Gunia lililochanganywa litakusimamishia mashine kila baada ya dakika mbili. Wakati wa uhaba, lakini, kuwa na aina zote mbili zilizotengwa ni bahati: unashindilia kufuatana na fataki uliyoipata.

SWALI: Mzee mmoja ameacha vifaa vyake na familia inauza kwa jumla: maganda ndoo mbili, mikebe ya baruti mingine imefunguliwa, vichwa, na fataki kwenye chupa ya kioo. Bei ni nzuri. Nichukue?

JIBU: Chupa ya fataki usiitikise, wala usiibebe kwenye gari. Trei za kiwandani zinazitenga fataki moja moja ili ikilipuka moja nyingine zisiifuate. Zikimwagwa pamoja kwenye chupa ni bomu dogo lenye vigae vya kioo. Familia iwaite zimamoto waichukue.

Baruti iliyofunguliwa haina thamani hata ikiwa bure. Huwezi kujua mwenyewe alirudisha nini ndani ya mkebe ule baada ya kumaliza kazi, na baruti mbili tofauti zinaweza kufanana kwa rangi na umbo. Iliyofungwa na lakiri yake inaweza kufaa. Siku utakayoifungua, inusie: nzima ina harufu kama ya spiriti; iliyooza inawasha pua kama asidi, ina vumbi jekundu la kutu, pengine na kifuniko cha bati kimeliwa kwa ndani. Hiyo haipimwi wala kuhifadhiwa.

Maganda ndiyo mali. Pitisha sumaku juu ya ndoo kwanza, ya chuma yatanasa. Kisha mulika ndani ya kila ganda la bunduki: ukiona kitundu kimoja katikati, zuri, ukiona vitundu viwili vidogo pembeni, ni ya mtindo wa Berdan, yatakuvunjia sindano ya kung'olea fataki. Yenye ufa shingoni tupa. Ya kijeshi mara nyingi fataki yake imebanwa kwa mduara, itabidi ulainishe ukingo wa tundu kwa kifaa maalumu kabla fataki mpya haijaingia, kwa hiyo yalipie pungufu.

Sasa kagua kuta kwa kibanio cha karatasi. Kinyooshe, pinda ncha yake kama ndoano ya milimita mbili, iingize hadi kitakoni, kisha uivute juu taratibu huku ncha ikigusa ukuta. Ikikwama kwenye mfereji mdogo, sentimita moja hivi juu ya kitako, ganda hilo limeanza kukatika kwa ndani. Kwa nje unaweza kuona mstari unaong'aa kuzunguka mahali hapohapo, lakini ndoano huwahi kabla ya jicho.

Vichwa pima kipenyo, usiamini maandishi ya kalamu kwenye mfuko. 9mm ya kawaida ni inchi 0.355, ya Makarov ni 0.365, na zote zinaitwa 9mm. Vilevile kichwa cha inchi 0.308 sicho kile cha inchi 0.311 kinachoingia bunduki ya .303 ya Kiingereza.

SWALI: Natafuta baruti ya H4350 miezi minne sasa. Rafu imejaa IMR 4350. Namba si ni ileile?

JIBU: Namba ni ileile, baruti siyo. Ukichukua kipimo cha moja ukakitia kwenye nyingine unaweza kuvuka shinikizo salama. Fungua ukurasa wa IMR 4350 na uanze chini. Zipo jozi chache ambazo ni baruti moja yenye majina mawili: HP-38 na Winchester 231, H110 na Winchester 296. Kwa hizo chukua yoyote iliyopo, tena linganisha bei, maana wauzaji wengine hawajui.

Kwa nini H4350 inachelewa? Baadhi ya baruti za kampuni ya Hodgdon, hiyo ikiwemo, hutengenezwa Australia, nazo huja kwa meli. Juu ya hapo, tangu vita vya Ukraine vipambe moto mwaka 2022, viwanda vya mizinga vinagombea nitroselulosi ileile, ambayo ndiyo malighafi ya baruti. Nenda dukani ukiwa na orodha ya baruti tatu au nne ambazo kitabu chako kina vipimo vyake kwa kichwa chako hasa. Kichwa cha shaba nyekundu tupu ni kirefu kuliko chenye kiini cha madini ya risasi cha uzito uleule, kinakula nafasi ya baruti, kwa hiyo kina ukurasa wake.

SWALI: Ada ya kusafirisha vitu hatari inaniua. Kuna njia?

JIBU: Ada hiyo hutozwa kwa mzigo, si kwa kipande. Dola 30 juu ya fataki 1,000 ni senti 3 kila moja. Juu ya 5,000 ni nukta sita ya senti. Agizeni wawili watatu pamoja, fataki na baruti katika mzigo mmoja muuzaji akiruhusu, kisha mgawane maboksi na mikebe mizima, bila kumimina. Vichwa na maganda havitozwi ada hiyo, viagize kivyake. Na tovuti yenye kila kitu ambacho wengine hawana, kwa bei ya zamani, inayokataa kadi na kutaka kadi za zawadi au sarafu za kidijitali, ifunge.

SWALI: Naweza kuwashindilia marafiki kwa malipo?

JIBU: Kwa matumizi yako mwenyewe, sheria ya shirikisho haidai leseni. Kutengeneza risasi za kuuza inadai, ni leseni ya aina ya 06. Rafiki aje na fataki zake, akae kwenye mashine yako, ajishindilie.