Taa ya utelezi inapomwekamweka: kwa dereva mpya wa pikapu

Ukipata kazi ya kuendesha pikapu huku Nyanda za Juu Kusini, mvua za Novemba hazitachelewa kukukutanisha na taa ambayo huenda chuo cha udereva hawakukueleza: kigari chenye mistari miwili iliyojipinda nyuma yake. Inamwekamweka sekunde moja au mbili, chini ya boneti unasikia mkoromo, na injini inanyong'onyea ingawa mguu wako haujatoka kwenye mafuta. Wengi wa madereva wapya ninaokaa nao kiti cha mbele hufanya kitu kilekile: wanakanyaga zaidi. Siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaeleza gari linafanya nini wakati huo. Lakini kwenye lami iliyolowa, hakuna kitendo kibaya kuliko hicho.

Kila tairi lina sensa inayopima mzunguko wake, ndizo hizohizo zinazotumiwa na breki za ABS, zile zinazozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu. Kompyuta inalinganisha tairi zote nne muda wote. Tairi la nyuma likianza kuzunguka kasi kuliko za mbele huku gari halijaongeza mwendo, maana yake limeachia barabara. Hapo mfumo, unaoandikwa TRC kwenye Toyota na ambao wengine huuita treksheni kontroli, unafanya mambo mawili: unapunguza nguvu ya injini, na unalishika kwa breki lile tairi moja linaloteleza. Hilo la pili ndilo la kulielewa vizuri. Difu ya kawaida, yaani zile gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu ya injini, hugawa nguvu sawasawa kwa tairi mbili za ekseli moja, kwa hiyo tairi lililo topeni likizunguka bila upinzani, hata mwenzake aliyekanyaga pakavu hapati nguvu ya kulisukuma gari. Likishikwa breki upinzani unapatikana, na lile la pakavu linapata nguvu yake. Ule mkoromo ni pampu ya ABS ikikamata na kuachia.

Basi taa ikimwekamweka, hakuna kilichoharibika. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, hiyo ni habari nyingine: huenda mfumo una hitilafu, au, kwenye baadhi ya magari, mtu ameuzima kwa kitufe. Na ukumbuke kwamba TRC inaingia kazini baada ya tairi kuteleza. Haiongezi mshiko wa tairi hata kidogo. Inakusaidia kuutumia vizuri ule uliobaki.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye lami, ingawa wengi wanaogopa matope. Pikapu tupu ina uzito mwingi mbele, ilhali tairi zinazosukuma ni za nyuma, na springi za nyuma ni ngumu kwa sababu zimetengenezwa kubeba mzigo. Rasharasha za kwanza baada ya kiangazi zinachanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka kwenye malori, na mpaka mvua kubwa ioshe barabara, unaendesha juu ya utelezi usioonekana. Mlima Kitonga, ukitoka Morogoro kwenda Iringa, una kila kitu cha kukutega: kona kali, mwinuko na foleni ya malori. Ukitoka kwenye kona ukakanyaga mafuta kwa pupa, mkia unataka kukupita, TRC inakata nguvu, na kama ulikuwa unaitegemea nguvu hiyo kulipita lori, utajikuta ubavuni mwake huku gari limelegea. Kwa hiyo kwenye lami iliyolowa, taa ikimweka hata mara moja, legeza mguu taratibu, nyoosha usukani, na ujue kuwa mwendo uliokuwa nao ni mkubwa kwa barabara hiyo. Usiguse kitufe cha kuizima TRC ukiwa kwenye lami.

Wapo wanaodhani dawa ni kuweka H4, yaani kuzifanya tairi zote nne zisukume. Pikapu nyingi za kazi hazina difu ya katikati, ile inayoziruhusu tairi za mbele na za nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na kwenye lami kavu tairi za mbele na za nyuma zinapozunguka tofauti ndani ya kona, mfumo mzima wa gia unakazana na mwishowe kitu kinavunjika. H4 ni ya barabara inayoruhusu tairi kuteleza kidogo.

Barabara za udongo mwekundu, kama zile za Makete na Ludewa, ndipo TRC inapoonyesha kazi yake. Weka H4 kabla ya kuanza kupanda, si katikati ya mlima ukiwa umeshaanza kurudi nyuma. Chagua gia moja itakayokufikisha juu, mguu utulie. Ukifika kwenye mifereji iliyochimbwa na maji, tairi la mbele kushoto na la nyuma kulia yanaweza kuning'inia kwa pamoja. Gari linasimama, taa inamwekamweka, tairi zinazunguka hewani. Hapa ushauri ni tofauti na ule wa lami: usiachie mafuta. Shikilia mguu palepale, bila kuongeza, subiri kidogo. Breki zinahitaji muda kuzikamata tairi zinazoning'inia, kisha utaona gari linajivuta lenyewe kama ng'ombe anayejinasua. Anayeachia mafuta mapema anaukatiza mfumo kabla haujamaliza kazi, halafu anasema haufanyi kazi.

Udongo mweusi wa mbuga ni somo jingine kabisa. Ukishuka Usangu wakati wa mvua, tope linajaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini pande zote. Hapo tairi linahitaji kuzunguka kwa kasi ili lirushe tope na kupata meno upya, na gari linahitaji mwendo usiokatika. TRC inaona tairi zote zinateleza, inakata nguvu, na wewe unazama katikati ya dimbwi. Hapa ndipo kile kitufe kilipowekewa. Kwenye Hilux nyingi za miaka hii, kubonyeza mara moja kunazima TRC peke yake. Kushikilia kwa sekunde kadhaa gari likiwa limesimama kunazima na VSC, ule mfumo unaozuia gari kuserereka kwenye kona. Magari mengine yana utaratibu wao, kwa hiyo fungua kitabu cha gari lako kabla ya safari. Ukishavuka tope, washa tena kabla hujarudi barabarani.

Difu loki ya nyuma, inayozifunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, nayo itumie kwa mwendo wa kutambaa, gari likiwa limenyooka. Kwenye Hilux, ukiifunga, TRC, VSC na ABS zinajizima, kwa hiyo usiisahau.

Kuteremka, TRC haina msaada wowote, maana kazi yake ni pale injini inaposukuma. Teremka kwa gia ndogo, injini ikushikilie. Na kama umetoka kupambana na mlima ambao TRC imekuwa ikikamata breki muda mrefu, breki hizo zina moto. Zipumzishe kabla ya mteremko.

Tairi ziwe saizi moja na zilizoisha kwa kiasi kinacholingana, kwa sababu tairi dogo linazunguka haraka zaidi na linaidanganya kompyuta. Ukirudi kutoka mbugani, piga maji ndani ya rimu, tope lililoganda karibu na sensa litoke. Kisha washa gari uangalie dashibodi. Taa ya utelezi huwaka kidogo na kuzimika. Isipozimika, na kitufe hakijabonyezwa, andika kwenye kitabu cha gari kabla hujakabidhi ufunguo, na umweleze kwa mdomo mwenzako atakayelichukua kesho yake.