Meza ya mninga na kofia ya akwariamu: maelekezo kwa fundi anayeanza

Anayetengeneza meza ya akwariamu kwa mara ya kwanza huogopa uzito, na kwa hofu hiyo hujaza mbao nene kila kona. Uzito ni hesabu fupi tu. Meza nyingi huharibiwa na maji: mvuke unaopanda usiku kucha, matone yanayofuata waya na mipira, na ubao wenyewe unaovuta na kuachia unyevu wa hewa kadiri msimu unavyobadilika. Sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya maji, lakini tuanze na hesabu.

Chukua tangi la sentimita 120 kwa 45, kimo 50, la kioo cha milimita 10. Kioo peke yake ni kama kilo 55. Maji, ukiacha nafasi juu na kutoa sehemu inayochukuliwa na mawe, ni lita 220 hivi. Mchanga na mawe weka kilo 60, maana wanaofuga mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, hupanga mawe mpaka karibu na uso wa maji. Ongeza kofia, yaani sanduku la mbao linalofunika tangi juu, unafika kilo 350. Sakafu ya zege ya nyumba ya chini hubeba bila shida. Ghorofani, tangi likae ukutani juu ya boriti, lisiwekwe katikati ya chumba.

Sasa angalia ubao mrefu wa juu, unaobeba nusu ya mzigo huo. Ubao wa inchi 2 kwa 4 uliopigwa randa ukabaki milimita 45 kwa 95, ukiusimamisha kwa upana wake kati ya miguu ya pembeni, hupinda zaidi kidogo ya milimita 1. Ubao uleule ukilazwa hupinda milimita 5. Ukiweka 2 kwa 2 hupinda zaidi ya sentimita 1, na kioo kitapasuka. Kimo cha ubao ndicho kinachobeba: ukikiongeza maradufu, ugumu unaongezeka mara 8. Kwa hiyo mbao za kubeba zisimame daima, na ukiweka mguu wa katikati mbele na nyuma unaweza kulala usingizi.

Mkato wa fremu ni huu. Mbao ndefu 4 za sentimita 120, mbili za juu na mbili za chini. Za kukatisha 6 za sentimita 41: zitaonekana 36, na sentimita 2.5 kila ncha ni ulimi unaoingia kwenye tundu. Miguu 6 ya sentimita 62: inayoonekana ni 56, na sentimita 3 kila ncha ni ulimi. Fremu inatoka na kimo cha sentimita 75. Jumla ni karibu mita 11, ambazo ni futi 36 kamili. Usinunue mbao 3 za futi 12, nunua 4, kwa sababu hakuna ubao usio na ncha iliyopasuka. Ulimi kazi yake ni kushika mguu usihame. Mzigo unabebwa na mabega ya mguu, yaani ule mkato bapa unaozunguka ulimi, na mabega hayo lazima yaguse ubao wa juu pande zote. Ukiona mwanga unapita kwenye kiungo, rudia mkato. Fremu inayobebwa na skrubu peke yake hushikilia mwaka wa kwanza, halafu huanza kuyumba.

Kuyumba kwenda kushoto na kulia huzuiwa na mgongo. Piga plaiwudi ya milimita 12 nyuma, upana wa sentimita 25 kila upande, ukiacha katikati wazi kwa mipira ya filta na hewa. Juu ya fremu laza plaiwudi ya marini, ile inayohimili maji, ya milimita 18.

Kabla gundi haijakauka, pima mshazari kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, fremu ni mraba. Kisha fanya kipimo ambacho wengi hukiruka. Funga uzi kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na mwingine kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, yote miwili ikiwa imekaza juu ya uso wa meza. Pale inapokutana katikati inatakiwa iguse tu. Uzi mmoja ukiusukuma mwingine, au ukiacha nafasi, meza imejipinda kama chapati ya juzi. Meza iliyoinama kidogo upande mmoja inasameheka, utaiwekea kabari chini. Meza iliyojipinda inakaza kioo kwenye kona moja, na silikoni huanza kuvuja baada ya miezi.

Fremu haionekani, hivyo usimalize mninga humo. Mtiki wa shamba, kama wa Longuza au Mtibwa, unatosha kabisa, hata msaiprasi mkavu. Mbao za kijani zilizotiwa dawa zinaweza kukaa kwenye fremu ya chini, lakini zisiingie kamwe kwenye kofia. Dawa ile mara nyingi ina shaba na aseniki, na mvuke ukigeuka matone juu yake matone yanarudi kwenye maji. Kamba na konokono hufa kwanza, samaki hufuata.

Kwa sehemu zinazoonekana, mninga ndio chaguo letu, na sababu si rangi tu: hautembei sana unapobadilika kutoka mvua kwenda kiangazi. Mkongo nao umetulia na ni mgumu zaidi, ila una rangi ya njano inayotoka ukilowa. Upeleke kwenye milango, usiutumie kwenye kofia. Mvule ni mzuri lakini ndani yake kuna vijiwe vya chokaa vinavyoua makali ya randa bila onyo. Mtiki una mafuta, kwa hiyo futa kiungo kwa tina na upake gundi hapohapo. Katika mti wowote, kata uondoe sehemu nyeupe ya nje. Bungua wanaipenda hiyo, na unga wao utauona chini ya meza wakati umeshachelewa. Vumbi la mninga na mvule husumbua kifua, vaa barakoa. Nunua kwa mwenye stakabadhi na kibali. Kwa ndugu walioko Muskat au Ulaya wanaotaka kuagiza mbao, mninga na mkongo wa Afrika viliingia Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2023, hivyo mbao zinazovuka mpaka zinahitaji karatasi zake.

Ukavu usiuulize kwa muuzaji. Kata kipande cha ubao huo, kipime kwenye mizani ya jikoni, andika gramu zake juu yake kwa penseli, kiache chumba kitakachokaa tangi. Pima kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ubao umezoea chumba. Pwani ubao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hivi; kwenye chumba chenye kiyoyozi mchana na usiku hushuka hadi 9 au 10. Tofauti hiyo peke yake inatosha kufanya ubao wa upana wa sentimita 40 usinyae milimita 2 hadi 3, na hapo ndipo milango inapopasuka.

Dawa yake ni mlango wa fremu na paneli. Fremu ya mlango ina mfuo wa kina cha milimita 10, paneli inaingia milimita 7 tu kila upande, na haipati gundi hata tone. Iache icheze. Jambo dogo linalotofautisha kazi: paka paneli vanishi mpaka mwisho kabla ya kuifungia ndani ya fremu. Usipofanya hivyo, kiangazi kikija paneli inajivuta na kuonyesha mstari mweupe usiopakwa, na hakuna brashi itakayoufikia. Uwazi wa kila mlango kwenye fremu yetu ni karibu sentimita 45. Pima filta yako kabla ya kukata, pamoja na mipira yake iliyopinda juu.

Kofia ndiyo sehemu ngumu, ingawa inaonekana nyepesi. Inakaa juu ya bafu la mvuke wa nyuzi 26, chini imelowa, juu imekauka. Ubao mmoja mpana uliogundishwa ukawa kifuniko utajikunja kama kigae ndani ya wiki chache, kwa sababu upande wa chini unavimba na wa juu haubadiliki. Tengeneza kifuniko kwa vipande vya upana wa sentimita 10 vilivyoachana milimita 3, juu ya mikanda miwili, kila kipande kikishikwa kwa skrubu moja kwenye kila mkanda, katikati ya upana wake. Kigawe mara mbili: nyuma pasiondoke, mbele pafunguke kwa bawaba ili mtoto aweze kulisha samaki bila kuinua kilo 12.

Ubao wa mbele wa kofia uwe na kimo cha sentimita 22, unene milimita 18. Ndani, sentimita 4 kutoka chini, gundisha mkanda wa milimita 20 kwa 20. Huo ndio unaokaa juu ya ukingo wa kioo, na zile sentimita 4 zinazoning'inia zinaficha mstari wa maji. Nafasi ya ndani iwe sentimita 120.6, milimita 3 za kucheza kila upande. Ukibana kabisa, siku ya mvua kubwa kofia haitatoka. Upande wa nyuma wa kofia acha wazi.

Hata kofia iliyopakwa vizuri haishindi mvuke wa moja kwa moja. Weka vipande viwili vya kioo cha milimita 4 juu ya tangi, chini ya kofia, kona zikiwa zimekatwa kwa ajili ya mipira. Ukipuuza vyote vilivyoandikwa hapa, usipuuze hicho kioo.

Skrubu na bawaba za kofia ziwe za stenlesi. Chuma cha kawaida kinaota kutu na kuchora weusi kwenye ubao, na shaba nyeupe au nyekundu haifai juu ya maji kwa sababu ileile ya dawa ya mbao. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa. Tumia ile iliyoandikwa kuwa inahimili maji, au epoksi.

Vanishi: msasa namba 120, kisha 180, kisha 220, ukifuata nyuzi za ubao. Mkono wa kwanza wa poliurethani uchanganye, tina sehemu moja kwa poliurethani sehemu tano, ili uzame, halafu mikono mitatu mizito, ukipitisha msasa 320 katikati. Ncha za mbao hunywa kama mrija, zipake mara mbili zaidi. Ndani ya kofia na chini ya meza pakwe sawasawa na nje. Upande mmoja ukiachwa mtupu, ubao unavuta hewa huko na kujipinda.

Ekstensheni ipigwe ukutani ndani ya kabati, juu, isilale sakafuni. Kila waya ushuke chini kuliko soketi kisha upande tena, ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke kwenye ule mpindo wa chini lisiingie kwenye umeme. Swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30, si anasa.

Tangi lisilo na fremu ya plastiki lipewe povu gumu la milimita 8 chini yake. Lenye fremu lisipewe. Jaza nusu, kagua pima maji pande zote nne, jaza mpaka juu, acha saa 24, kagua tena. Kofia iache wiki mbili barazani. Kabla hujaiweka, ifunike kwa nailoni usiku mmoja, asubuhi ingiza pua ndani. Ukisikia harufu ya tina, irudishe barazani.