Tafuta asili ya neno kabla hujalizoea

Nilipokuwa nikisoma Uingereza nilipanga chumba kwa bibi mmoja mcha Mungu, na jioni moja kikombe kiliponiponyoka nikamaka: "Jeez!" Bibi hakunikaripia, ila aliniambia kwa upole kwamba nimelitaja bure jina la Bwana wake. Nilifadhaika, kwa kuwa nilidhani neno lile ni la mshangao mtupu, kama "lo!" yetu.

Tangu hapo humshauri kila anayejifunza Kiingereza achunguze asili ya vihisishi vyake. Vingi vilizaliwa na hofu ya ile amri inayokataza kulitaja bure jina la Mungu: msemaji alianza kulitamka, kisha akaligeuza kabla halijakamilika. "God" likawa "gosh" na "golly", "Jesus" likawa "gee", na hata "hell", yaani jehanamu, likalainishwa kuwa "heck". Zamani watu waliapa kwa majeraha ya Mungu, wakimaanisha yale ya Kristo msalabani, na kiapo hicho kikafupishwa kuwa "zounds". "Blimey", ambalo leo hutamkwa na mtu aliyestaajabia bei sokoni, lilikuwa dua nzito ya mtu kujitakia Mungu ampofushe.

Ufunikaji huo haukumridhisha kila mtu. Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumtoza pauni 10 yeyote atakayelitaja jina la Mungu kwa mzaha katika tamthilia jukwaani. Ukilinganisha Othello ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1622 na ile ya mwaka 1623, utaona kwamba viapo vilivyomo katika ya kwanza vimeondolewa katika ya pili, na "zounds" ni miongoni mwa vilivyoondolewa, ingawa lilikuwa limekwisha kufichwa.

Kwa hiyo mbele ya watu wa dini mimi huliacha "jeez" kabisa. Nawe unayetafsiri, usiandike "Mungu wangu" penye "gosh", kwani utalirudisha jina ambalo msemaji amelikwepa kwa makusudi; "jamani" au "masalale" litatosha. Na mhusika akiwa anaapa kwa kiapo cha kufunika, tunacho chetu kilichoundwa kwa hofu ileile: asiyethubutu kusema "haki ya Mungu" husema "haki ya nani".